Kurudi Darasani Si Kuanza Upya

Machi 2020 shule za Tanzania zilifungwa kwa sababu ya korona. Mimi nilikuwa kidato cha sita. Masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni, lakini nyumbani kwetu redio ilikuwa moja, na betri zikiisha ndiyo basi tena. Asubuhi niliuza vitumbua vya mama. Tuliporudi tarehe 1 Juni, mtihani ukiwa umebaki wiki chache, nilifungua daftari la kemia nikaona kama limeandikwa na mtu mwingine. Tumbo likanisokota.

Shule zinaweza kufungwa tena. Kenya mwaka 2024 muhula ulichelewa kwa sababu ya mafuriko. Na wewe unaweza kukaa nyumbani kwa kuugua au kukosa mahitaji. Je, ukirudi ufanye nini?

1. Usijiite mjinga. Ubongo husahau kisichotumika. Habari njema ni kwamba ulichowahi kujifunza, ukikirudia hushika haraka kuliko mara ya kwanza. Soma ukurasa mmoja, funika daftari, andika unachokumbuka, kisha fungua ujisahihishe. Rudia kesho, halafu baada ya wiki. Kusoma tu bila kujipima kunakudanganya kwamba umeelewa.

2. Rudisha usingizi. Kijana wa umri wako anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Kama ulizoea kulala saa saba usiku, sogeza nyuma kidogo kidogo kila siku, na amka saa ileile. Ukikesha, ulichosoma hakikai.

3. Hofu si ugonjwa. Moyo kwenda mbio na jasho viganjani ni mwili unajiandaa. Vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi, mara kadhaa. Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, mwone mwalimu wa ushauri nasaha au nenda kituo cha afya. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje: mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo.

4. Ujauzito si mwisho wa masomo. Mwenzangu wa dawati moja hakurudi mwaka ule. Alikuwa mjamzito, na wakati huo shule za serikali zilimfungia mlango. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi baada ya kujifungua. Kama ni wewe, au dada yako, mzazi aende kwa mkuu wa shule mapema kuuliza utaratibu.

Nilipompelekea mwenzangu habari ile, mwanawe alikuwa tayari anatambaa na kusimama. Akaniuliza, "Watanicheka?" Sikumficha. Nikamwambia, "Wiki ya kwanza watacheka." Akanyamaza, kisha akauliza sare zinauzwa bei gani siku hizi.

Basi wewe uliyeko darasani, akirudi mtu wa namna hii, usiwe wa kucheka. Mpe daftari anakili.

Jadilini katika vikundi:
- Ni nani darasani kwenu hajarudi muhula huu? Mnajua sababu?
- Nani anaweza kwenda kumjulia hali wiki hii?
- Aliyerudi amekosa somo gani, na nani atamfundisha?