Mwanafunzi Aliyeachwa Nyuma Afanyeje?

Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba niandike juu ya jambo ambalo wanafunzi wa vidato vya juu hunijia nalo mara kwa mara, hasa karatasi za mtihani zikisharudishwa: "Mwalimu, nimeachwa nyuma, nami nataka kufika chuo kikuu. Nifanyeje?" Mimi nafundisha hesabu, na zamani nilikaa katika madawati haya haya ya shule yetu, basi nitajibu kama mwalimu na pia kama kaka yenu.

Kwanza tusidanganyane. Pengo la masomo si uvivu peke yake, wala si laana. Hapa Uganda shule zote zilifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Madarasa mengine yaliitwa kwa zamu, kisha shule zikafungwa tena mwezi wa Juni 2021, na watoto wote hawakurudi mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hapana nchi nyingine iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko huo. Na waliporudi, watoto walipandishwa darasa lililo mbele ya lile waliloliacha. Mtoto aliyekuwa darasa la tano mwaka 2020, akienda bila kurudia, aliingia kidato cha kwanza mwaka 2024. Wa darasa la nne alimfuata mwaka 2025. Nanyi mwajua yafundishwayo katika madarasa hayo: sehemu, desimali, kugawanya, kusoma habari ndefu ya Kiingereza na kuieleza. Wengine hawakuumizwa na korona bali na karo iliyokosekana muhula mzima, au ugonjwa, au kuhama kutoka shule moja hadi nyingine. Sababu ni nyingi, lakini dawa yake ni karibu moja.

Kosa la wengi ni kukimbilia pale darasa lilipo. Mwalimu yupo sura ya tisa, basi mwanafunzi naye ajikaza usiku kucha na sura ya tisa, ijapokuwa mambo asiyoyajua yako katika kitabu alichokiaga miaka minne iliyopita. Nitawapa mfano nilioukuta kwa vijana wengi wanaosema, "Kemia imenishinda."

Swali lenyewe ni hili. Gramu 10.6 za sodiamu kaboneti, ambayo ni jamaa ya magadi tuyajuayo, zimeyeyushwa katika maji hata myeyusho wote ukawa mililita 250. Je, lita moja ya myeyusho huo ina moli ngapi? Kijana aanza vizuri. Ajua kuwa moli moja ya kitu hicho ina uzito wa gramu 106, basi gramu 10.6 ni moli 0.1. Hapo ndipo kemia ilipo, naye ameishinda. Halafu ajua kuwa mililita 250 ni lita 0.25. Sasa imempasa kugawanya 0.1 kwa 0.25, na hapa mkono wamtetemeka. Azidisha badala ya kugawanya, apata 0.025, mwalimu amtia mkasi mwekundu. Arudi bwenini akisema kwamba hana akili ya sayansi.

Lakini tumwulize swali la darasa la sita: robo lita ikiwa na machungwa mamoja ya kukamuliwa, lita nzima itakuwa na mangapi? Atajibu manne bila kalamu. Kugawanya kwa robo ni kuzidisha kwa nne. Kwa hiyo 0.1 yawa 0.4. Jibu ni moli 0.4 kwa lita. Kijana huyu hana haja ya mwalimu wa ziada wa kemia. Ana haja ya siku nne za kugawanya sehemu na desimali, na hizo siku nne zitamtengenezea kemia, na fizikia, na jiografia ya ramani pia, kwa maana kipimo cha ramani nacho ni sehemu.

Basi ushauri wangu ni kushuka. Shuka mpaka uikute ngazi unayoweza kusimama juu yake bila kuyumba, kisha panda kutoka hapo. Utajuaje ngazi yako? Jipime. Haya hapa maswali sita. Yafanye bila kitabu, bila mashine ya hesabu, na bila jirani.

La kwanza: robo tatu toa theluthi mbili. La pili: 6 gawanya kwa robo tatu. La tatu: shati la shilingi 24,000 limepunguzwa bei kwa asilimia 15, sasa ni shilingi ngapi? La nne: tafuta x ikiwa 3(x − 2) = 18 − x. La tano: gari limekwenda kilometa 54 kwa dakika 40, mwendo wake ni kilometa ngapi kwa saa? La sita: ikiwa v = u + at, andika a iwe peke yake upande mmoja.

Ukikwama katika la kwanza au la pili, kitabu chako ni cha shule ya msingi, nawe usitafute kingine. Ukikwama katika la tatu au la tano, jambo linalokusumbua ni uwiano, yaani kulinganisha kiasi na kiasi. Ukikwama katika la nne au la sita, ni aljebra ya kidato cha kwanza na cha pili, nayo ndiyo mlango wa fizikia yote. Aliyepata yote sita asiendelee kusoma makala hii kwa ajili yake. Aisome kwa ajili ya rafiki yake.

Ukisha kuijua ngazi, fanya hivi. Chukua mada moja tu, kwa mfano kugawanya sehemu. Soma mfano mmoja kitabuni, ufunge kitabu, uufanye wewe mwenyewe tangu mwanzo. Kisha fanya maswali matano. Ukikosa moja, tafuta ni mstari gani uliopotea, usifute. Andika kwa wino wa rangi nyingine kando yake. Ukipata matano yote siku mbili mbalimbali, panda. Siku mbili, nasema, kwa kuwa jambo ulilolipata leo jioni laweza kuwa limekwisha kuruka kesho kutwa.

Muda wapatikana wapi? Nimepiga hesabu. Dakika 40 za kila siku, siku tano kwa juma, kwa majuma 12 ya muhula, ni dakika 2,400, yaani saa 40 kamili. Saa 40 za mtu mmoja anayefanya yale tu asiyoyajua ni nyingi kuliko zionekanavyo, maana darasani mwalimu ana watu sitini, na nusu ya kipindi yapita kwa mambo ambayo wewe wayajua tayari au huwezi kuyafuata. Dakika hizo ziwe za kwanza katika masomo ya jioni, wakati kichwa bado kina nguvu. Kazi za darasa zifuate. Wala usiache kazi za darasa. Mwendee mwalimu wako umwambie wazi, "Mwalimu, narudia sehemu na aljebra, naomba uniambie ni maswali gani ya juma hili yasiyoweza kungoja." Sijamwona bado mwalimu aliyekasirika kwa maneno kama hayo.

Juu ya namna ya kusoma, liko jambo ambalo wanafunzi hawalipendi nikiwaambia. Kusoma daftari mara nne mfululizo, huku ukipiga mistari ya rangi, hakufai kama uonavyo. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma. Wengine walizisoma mara mbili. Wengine walizisoma mara moja, kisha wakaandika bila kuangalia yale waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, wale waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Tazama basi hila iliyomo: dakika tano baada ya kusoma, njia mbaya yaonekana kuwa njema, na ndiyo sababu twaipenda. Funga daftari, andika unachokumbuka katika karatasi tupu, kisha fungua uone ulichosahau. Yachosha, lakini fanya hivyo.

Kiingereza nacho ni ngazi, na wengi waliokosa alama katika historia au biolojia walijua jibu ila hawakulijua swali. Swali moja lataka utoe sababu, jingine lataka utofautishe vitu viwili, jingine lataka ueleze tu kitu kilivyo. Aliyetakiwa kutoa sababu akaeleza sura ya kitu amejaza kurasa mbili za bure. Chukua habari moja fupi kila siku, ya gazeti au ya kitabu, uisome, kisha uandike mistari minne ya maneno yako mwenyewe. Maneno mapya yaandike katika sentensi nzima. Orodha ya maneno matupu haikai kichwani.

Mniruhusu niseme pia kuwa huwezi kufukuzia kila kitu. Mwenye pengo katika masomo saba achague mawili yanayobeba mengine, na kwa kawaida hayo ni hesabu na Kiingereza. Uchaguzi wa masomo ya kidato cha tano huamua milango ya chuo kikuu: asiyechukua hesabu hawezi kuomba uhandisi, na wengi huiacha si kwa kuwa hawaipendi bali kwa sababu ya robo na theluthi walizozikosa wakiwa watoto. Hilo ndilo linalonisikitisha kuliko mengine yote katika kazi yangu. Baada ya mtihani wa kidato cha nne mna miezi kadhaa kabla ya kidato cha tano kuanza. Wengi huipoteza wakingoja matokeo. Miezi hiyo, kwa maoni yangu, ni mali kuliko muhula wo wote.

Na mtu asione haya. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Ilipoanza kufundisha masomo ya digrii za Chuo Kikuu cha London, baada ya mwaka 1949, wanafunzi waliofika kutoka shule zetu hawakuingizwa katika digrii moja kwa moja. Walisomeshwa kwanza masomo ya kuwaandaa, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa bado hazina vidato vya tano na sita. Wazee wetu waliokuja kuwa madaktari, waandishi na mawaziri walipita hapo. Kidato cha tano na cha sita mnavyoviona leo vilichukua kazi ile ile ya kujaza pengo.

Mwingine ni William Kamkwamba wa Malawi, ambaye mwaka 2002, wakati wa njaa, aliacha sekondari kwa kukosa karo. Ili asiachwe na wenzake alikwenda kusoma katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe. Huko ndiko alikokuta vitabu vya fizikia na umeme vilivyomwezesha kujenga kinu cha upepo. Watu wengi wanakijua kinu. Mimi napenda zaidi yale yaliyofuata. Alirudi shuleni baada ya miaka mingi akiwa mkubwa kuliko wenzake, akaenda kusoma Afrika Kusini, na mwaka 2014 akahitimu katika chuo cha Dartmouth huko Marekani.

Sasa neno kwa wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili. Mnapotutembelea hutuletea mafungu ya mitihani iliyopita, nasi twashukuru. Lakini kwa kijana aliyeachwa nyuma mtihani uliopita ni kama kioo: humwonyesha uso, haumwoshi. Tuleteeni vitabu vya hesabu vya darasa la sita na la saba, hata vilivyochakaa, mradi kurasa za majibu zimo. Nimemwomba mtunza maktaba atenge rafu moja nyuma ya mlango, mahali ambapo kijana wa kidato cha nne aweza kukaa na kitabu cha mtoto bila kutazamwa. Na ninyi mlio karibu, njoni Jumamosi moja kwa mwezi. Mtu mmoja na vijana watatu yatosha. Msiwafundishe sura ya tisa. Waulizeni lile swali la pili hapo juu, muone kalamu inasimama wapi.

Majibu ya maswali sita: la kwanza, sehemu moja ya kumi na mbili; la pili, 8; la tatu, shilingi 20,400; la nne, x = 6; la tano, kilometa 81 kwa saa; la sita, a = (v − u)/t.