"Ombi Limepokelewa" Si "Pesa Zimeingia"

Rafiki yangu anauza viatu mtandaoni. Siku moja mteja aliagiza jozi ya KSh 1,500, tovuti ikaandika "Asante, umelipa", na mtu wa boda akaondoka na mzigo. Jioni kuangalia taarifa ya M-Pesa, hiyo pesa haiko! Mteja alikuwa amekatiza kabla ya kuweka PIN.

Shida haikuwa mteja. Ilikuwa kodi ya JavaScript kwenye seva.

Majibu huwa mawili

Ukituma ombi la malipo kupitia Daraja, jibu la kwanza hurudi haraka. Likiwa na `ResponseCode` 0, maana yake ni moja tu: ombi limepokelewa. Wakati huo simu ya mteja labda hata haijaita PIN.

Jibu la pili ndilo lenye ukweli. Linakuja baadaye, peke yake, kwenye anwani uliyoweka kama `CallBackURL`. Hapo unasoma `ResultCode`:

- 0: amelipa
- 1: salio halitoshi
- 1032: mteja amekatiza
- 1037: simu haikupatikana, au mteja hakujibu kwa wakati
- 2001: PIN si sahihi

Sasa, `await` inasubiri jibu la kwanza pekee. Jibu la pili ni ombi jipya linalogonga mlango wa seva yako, kwa hivyo lazima liwe na mlango wake.

Fanya hivi

```
const jibu = await ombaMalipo(simu, 1500);
await hifadhi(jibu.CheckoutRequestID, "inasubiri");

app.post("/matokeo", async (req, res) => {
  const m = req.body.Body.stkCallback;
  const hali = Number(m.ResultCode) === 0
    ? "imelipwa" : "haijalipwa";
  await badilisha(m.CheckoutRequestID, hali);
  res.sendStatus(200);
});
```

`CheckoutRequestID` ndiyo kamba inayounganisha majibu yote mawili. Bila hiyo hutajua ni oda gani imelipiwa. Mteja naye muonyeshe "Tunasubiri malipo yako", halafu ukurasa uulize seva kila baada ya sekunde chache.

Kabla hujaenda hewani

1. Anwani yako iwe ya HTTPS na ifikike kutoka nje. `localhost` ya laptop yako haifikiki.
2. Linganisha kiasi kilicholipwa na bei ya oda. Mtu akijua anwani yako anaweza kutuma taarifa feki.
3. Taarifa ileile ikija mara mbili, isihesabiwe mara mbili.
4. Kukiwa kimya, usikisie. Uliza hali ya malipo kwa kutumia `CheckoutRequestID` ileile.

Rafiki yangu alibadilisha kodi wikendi hiyohiyo. Siku hizi mzigo hautoki dukani hadi oda iandike "imelipwa". Wewe je, tovuti yako inasema asante wakati gani? Jaribu leo: agiza kitu kwako mwenyewe, kisha ukatize kwenye PIN.