Mahindi Makavu, Ugali Salama: Somo la Kukausha na Kuhifadhi Mavuno

Mnamo Aprili 2004, hospitali za Ukambani zilianza kupokea wagonjwa waliokuwa na macho ya manjano, matumbo yaliyofura na kutapika. Katika baadhi ya maboma, watu kadhaa waliugua kwa wakati mmoja. Kufikia Julai 20 mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wamesajiliwa katika wilaya za wakati huo za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Chanzo kilikuwa mahindi, mengi yakiwa yamelimwa, kuvunwa na kuwekwa akiba na familia zenyewe.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 20 waliugua kwa njia hiyohiyo na 12 wakafa. Wakulima wengi wa leo walikuwa watoto wakati huo, na wale waliozaliwa baada ya 2004 sasa wana mashamba yao wenyewe. Ndiyo sababu somo hili linafaa kurudiwa kila msimu, hasa sasa ambapo familia nyingi zinategemea mahindi ya shambani kwao kuliko ya dukani.

Sumu inavyoingia

Sumu hiyo huitwa aflatoksini. Hutolewa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, ambaye huishi kwenye udongo na mabaki ya mimea, na jina la sumu limetokana na jina lake. Wanasayansi waliitambua baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, wakiwa wamelishwa mashudu ya njugu karanga yenye kuvu. Njugu bado ziko katika hatari sawa na mahindi, na mkulima anayepanda vyote viwili anapaswa kuvikausha kwa uangalifu uleule.

Kuvu huyu hupenda joto na hushambulia mmea uliochoka. Ukame unapokutana na mahindi yakiwa yanaweka punje, au wadudu wanapotoboa magunzi, yeye hupata mlango. Kwa hivyo mahindi yanaweza kuondoka shambani yakiwa tayari na mbegu za kuvu ndani yake. Lakini kinachoamua kama mbegu hizo zitalala au zitaamka na kumwaga sumu ni unyevu baada ya kuvuna. Mahindi huvunwa mara nyingi yakiwa na unyevu wa asilimia 20 au zaidi. Kiwango cha kuhifadhi kinachotambuliwa Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Safari ya kutoka 20 hadi 13.5 ndiyo yenye hatari, na hufanyika uani, mbele ya macho ya mwenye boma.

Kuhusu kipimo cha sumu yenyewe, sheria ya Kenya inaruhusu sehemu 10 pekee kwa kila sehemu bilioni za mahindi. Ni kiasi kidogo ajabu. Gramu moja tu ya aflatoksini, ikisambazwa sawasawa, hufikisha tani 100 za mahindi kwenye kikomo hicho, yaani magunia zaidi ya 1,100 ya kilo 90. Mwaka 2004, wakati kiwango kilikuwa bado 20, zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi na unga zilizochukuliwa kwenye masoko ya maeneo yaliyoathirika zilikivuka. Asilimia 7 zilipita 1,000.

Sumu hii haina rangi, harufu wala ladha. Punje yenye ukungu wa kijani ni ya kutupwa bila mjadala, lakini punje inayong'aa haithibitishi kwamba gunia ni safi. Kisha kuna jambo linalowashangaza wengi: kupika hakusaidii. Aflatoksini huhimili joto lililo mbali juu ya lile la maji yanayochemka, kwa hivyo hubaki katika ugali, uji, githeri na hata katika pombe ya nafaka.

Kwa nini walilala na mahindi chumbani

Wachunguzi wa mkasa wa 2004 waligundua kwamba familia zilizougua zilikuwa na kawaida ya kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Ni rahisi kuwalaumu leo. Lakini chakula kilikuwa haba mwaka huo na wezi walikuwa wengi. Mtu aliyeacha mahindi shambani yakauke aliweza kuamka na kukuta mabua matupu, na ghala la nje, lile lililojengwa kwa fito na kuinuliwa juu ili upepo upite, halikuwa na kufuli. Basi wakavuna mapema, wakayaingiza ndani yakiwa mabichi, wakayarundika kando ya kitanda penye joto na pasipo hewa. Walikuwa wanalinda chakula cha watoto wao.

Shida hiyo haijaisha. Wizi wa mahindi shambani bado unalalamikiwa, na kumwambia mkulima ajenge ghala la nje na kuliacha wazi kwa upepo ni ushauri ambao wengi hawataufuata. Jibu lililo karibu na maisha yao ni hili: vuna mapema ukilazimika, lakini kausha kabisa kabla ya kuingiza ndani. Nyumba haina kosa. Unyevu ndio wenye kosa.

Kukausha

Kabla ya kuvuna, menya gunzi moja na ung'oe punje. Tazama ncha yake, pale iliposhikana na gunzi. Ukiona alama nyeusi, mahindi yamekomaa na hayataongezeka uzito tena, hivyo hakuna faida ya kuyaacha shambani yanyeshewe. Aliye na hofu ya wezi anaweza kuvuna kuanzia hapo.

Mahindi yasiguse udongo, kwa sababu huko ndiko kuvu anakoishi. Yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yakiwa yamepangwa tabaka jembamba, yageuzwe mara kadhaa kwa siku, na yafunikwe kabla jua halijatua kwa kuwa umande wa usiku hurudisha unyevu uliotolewa mchana kutwa. Magunzi yaliyooza, yenye ukungu au yaliyotobolewa na wadudu yatengwe kabla ya kupukuchua. Baada ya kupukuchua ni kuchelewa, maana punje zake huwa zimeshachanganyika na nyingine.

Kupukuchua kwa kupiga gunia kwa rungu kumezoeleka sana, na kunapunguza kazi, lakini hupasua punje. Punje iliyopasuka ni mlango wazi kwa kuvu na wadudu. Kupukuchua kwa mkono au kwa mashine iliyorekebishwa vizuri ni bora, kisha kupepeta na kuchambua.

Kujua kama mahindi yamekauka, wengi huuma punje kwa meno au huweka mkono ndani ya gunia kusikiliza ubaridi. Njia hizo hutegemea mazoea na hudanganya. Kuna kipimo cha chumvi ambacho hakihitaji fedha. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu na yenye kifuniko. Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Kama chumvi imeloa, ianike juani kwanza. Ongeza mahindi mpaka theluthi moja ya chupa, funga, utikise kwa nguvu kwa dakika moja, kisha uache itulie dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Isipogandamana, yameshuka chini ya 15, lakini bado hayajahakikishwa kufika 13.5. Yape siku nyingine moja au mbili za jua kali kabla ya kufunga. Rudia kipimo kwa mahindi kutoka sehemu mbalimbali za turubai, kwa kuwa ya pembeni hukauka tofauti na ya katikati.

Anayetaka namba kamili atafute mashine ya kupima unyevu. Maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) hupima, na yale yenye vikaushio hukausha mahindi ya wakulima kwa malipo. Kwa wakulima wadogo, kikundi kinaweza kununua mashine moja ndogo na kuizungusha.

Gunia lisilopitisha hewa

Mahindi yakishakauka, adui anayebaki ni mdudu. Dumuzi mkubwa, ambaye Wakenya wamempachika jina la Osama, aliingia nchini miaka ya 1980 kupitia Taita Taveta baada ya kutokea Tanzania, na anaweza kugeuza gunia zima kuwa vumbi. Ni kumhofia yeye kunakowafanya wengi wachanganye mahindi na dawa za unga, wakati mwingine bila kufuata vipimo.

Gunia lisilopitisha hewa linamaliza tatizo hilo bila dawa. Aina iliyotangulia, ile ya PICS, ina tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani na gunia la kawaida nje. Kila mfuko hufungwa peke yake kwa kusokotwa, kukunjwa na kukazwa kwa kamba. Wadudu walio ndani hutumia hewa iliyobaki na kufa. Gunia hili ni ghali mara kadhaa kuliko la kawaida, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja ikiwa halijatobolewa na panya, na linaweza kuwekwa hata chumbani, juu ya mbao na mbali na ukuta. Hapo mwenye boma hulala na mahindi yake bila kuogopa mwizi wala kuvu.

Lakini lisipewe mahindi mabichi. Plastiki ikifunga unyevu ndani, mahindi yataharibika, na gharama yote itapotea. Ni kosa linalowapata wale walionunua gunia zuri na kuharakisha jua.

Kinachobaki kwenye kinu

Kukoboa huondoa ganda na kiini, sehemu zinazobeba kiasi kikubwa cha sumu. Muthokoi, kwa hiyo, una nafuu kuliko mahindi yaliyosagwa yakiwa mazima, ingawa hausafishi mahindi yaliyoharibika vibaya. Swali ambalo watu husahau kuuliza ni pumba zinakwenda wapi. Zikipewa ng'ombe wa maziwa, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Zikipewa kuku, hudumaa na kutaga kidogo. Mahindi yaliyotengwa kwa ukungu yasipelekwe kwenye banda, yasipikiwe pombe, wala yasiuzwe kwa bei ya chini sokoni. Yazikwe au yachomwe. Inauma kutupa chakula, na mwenye debe moja la akiba huumia zaidi ya mwenye magunia ishirini.

Wanaonunua unga nao wako ndani ya mnyororo huohuo. Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa kupita kiwango cha aflatoksini. Anayenunua mahindi kwa gorogoro aangalie kama muuzaji ameyaweka juu ya mbao au sakafuni, na ayachambue nyumbani kabla ya kuyapeleka kusagwa.

Mtu akipata macho ya manjano, tumbo kufura au miguu kuvimba baada ya kula mahindi yenye shaka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mahindi yaliyobaki yahifadhiwe kando ili yapimwe. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa sumu hii mwilini. Kwa miaka mingi, hata kiasi kidogo huchangia saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo, chanjo ya watoto ya wiki ya 6, 10 na 14 isikoswe.

Kuna kinga moja inayofanyika mahindi yakiwa bado shambani. Aflasafe KE01, inayotengenezwa na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) huko Katumani, ni punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii ileile wasiotoa sumu, ambao huwahi nafasi na kuwazuia wale wenye sumu. Hunyunyizwa kwa mkono kilo 4 kwa ekari, udongo ukiwa na unyevu, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Mbegu ya Katumani huchanua takriban siku 60 baada ya kupandwa. Aliyepanda mwishoni mwa Oktoba, siku yake ni mwanzoni mwa Disemba, kwa hivyo ainunue mapema, mvua ikiwa bado inanyesha.