Unaogopa Kitonga, Unalipa Ubungo

Mjomba,

Nakuandikia nikiwa kwenye foleni ya Ubungo nikitoka kazini Posta, taa ya mafuta imeshawaka. Nina Toyota Mark X ya 2010, injini ya 2.5. Kila mwezi linakula petroli ya laki saba na nusu. Mke wangu anajua laki nne. Risiti nyingine nazichana palepale kituoni. Mwezi uliopita nilichota kwenye ada ya mtoto ili twende Iringa kumwona mama, na mpaka leo sijairudisha.

Mke anasema tuuze tununue IST. Lakini mimi kila mwezi naupanda mlima wa Kitonga kwenda Iringa na familia, na tukirudi, nyuma kuna magunia mawili ya viazi. Nikiwaza kukwama nyuma ya lori lenye tela, nina kainjini kadogo na basi linanipigia honi mgongoni, moyo unakataa kabisa. Je, lipo gari la mkononi linalobana mafuta bila kuninyima nguvu? Na je, binamu yangu wa Dodoma anayelitaka hili langu, nimwambie linavyokula?

Mpwa, Mbezi Mwisho

Mpwa wangu,

Ada kwanza, kwa kuwa shule haisubiri. Leo jioni mwambie mama watoto laki saba na nusu zote, na ile ya ada juu yake. Sikutumi ukatubu. Unataka kubadili gari la familia, na huwezi kupanga bajeti na mtu uliyempa nusu ya hesabu. Atakasirika, na ana haki. Akishapoa mpe kalamu, maana hesabu inayofuata nataka muifanye wawili.

Kwa maelezo yako unakimbia kama kilomita 2,000 kwa mwezi: nusu yake ni Mbezi kwenda Posta na kurudi siku za kazi, nusu nyingine ni Iringa na kurudi. Tuseme lita ni shilingi 3,000 ili kichwa kisituume. Bei yenyewe EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Laki saba na nusu ni lita 250. Yaani gari lako linakwenda kilomita 8 kwa lita, kiwango cha kawaida kwa V6 inayoishi Dar es Salaam.

Lakini wastani huo unaficha jambo. Barabara ya Iringa, pamoja na Kitonga yake, Mark X nzima huenda kilomita 10 au zaidi kidogo kwa lita. Ili wastani ushuke mpaka 8, ina maana mjini unakwenda 6 na ushee. Igawe: safari ya Iringa inakula kama lita 96, foleni ya Morogoro Road inakula 154. Kilomita ni zilezile elfu moja. Kwa hiyo gari unalichagua kwa kuuogopa mlima unaoupanda mara moja kwa mwezi, na pesa zako zinaishia Kimara na Ubungo, injini inaunguruma, kiyoyozi kinapuliza, magurudumu yamesimama. Injini ya ukubwa huo ikisimama na kiyoyozi huweza kuchoma lita nzima na zaidi kwa saa, na hapo hujasogea hata hatua.

Hesabu ya pili huwapotosha wengi wanaokwenda yadi. Kwa kilomita zako 2,000, ukitoka gari la kilomita 8 kwa lita ukaingia la 12, lita 250 zinashuka mpaka 167. Umeokoa lita 83. Ukitoka la 12 ukaenda la 16, unaokoa 42 tu. Hatua ni ileile ya kilomita nne, faida ni nusu. Kwa hiyo mtu wa Mark X hana haja ya kujibana kwenye Passo. Pesa kubwa iko katika kutoka 8 kufika 12 au 14, na magari ya kiwango hicho yenye nguvu ya kutosha yapo.

Kabla ya kuuza, mpeleke huyu mnywaji kwa fundi anayeaminika, na umwulize swali moja: thamostati ipo? Hapa kwetu mafundi wengi huing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi ni ya joto. Thamostati isipokuwepo injini inachelewa kupata moto wake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi ya baridi, inazidi kumwaga petroli. Aangalie na sensa za oksijeni, plagi, breki inayoshika gurudumu, na upepo wa tairi kulingana na kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Injini yako, 4GR, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa haziogeshwi na mafuta na hujaa masizi. Kusafishwa huwa kunasaidia. Na kama kuna mjanja aliyekwisha kuuza masega ya ekzosi, taa ya cheki injini itakuwa inawaka kila siku, na siku tatizo la kweli likija hutalijua. Matengenezo haya hayataifanya V6 iwe IST. Yanaweza kukurudishia kilomita moja kwa lita, na kwa gari la 8 hiyo ni karibu lita 28 kwa mwezi.

Tuje kwenye nguvu, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Ukubwa wa injini peke yake haupandishi gari mlima. Kinachopandisha ni nguvu ukilinganisha na uzito, na injini inaanza kusukuma ikiwa kwenye mizunguko mingapi. Mark X yako ina farasi 203, lakini toki yake ya juu kabisa, niutoni-mita 243, inaipata kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika. Ndiyo maana ukitaka kulipita lori lazima ukanyage mpaka gia ishuke na injini ilie, na mshale wa mafuta ukufuate. Volkswagen Golf ya kizazi cha saba yenye injini ya 1.4 ya tabo na farasi 140 ina niutoni-mita 250, na inazipata kuanzia mizunguko 1,500 tu. Kainjini kadogo, kama ulivyokaita. Isitoshe, injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa kuwa hewa inapungua. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Ukifika Ilula, wale farasi 203 wengine umeshawaacha Ruaha Mbuyuni. Tabo huifidia hasara hiyo kwa sehemu kubwa kwa kuisukumia injini hewa zaidi.

Je, ukanunue Golf? Ungekuwa unakaa Iringa, ningesema ndiyo. Kwa mtu wa Mbezi nasita, kwa sababu nyingi zilizoingia nchini zina giaboksi ya DSG ya gia saba yenye klachi kavu, na klachi kavu haipendi kusogea hatua mbili na kusimama kwa saa nzima kila asubuhi. Mwaka 2013 giaboksi za aina hiyo ziliitwa zirudishwe kurekebishwa katika nchi kadhaa, Japani ikiwemo. Tabo nayo inataka oili sahihi kwa wakati, haitaki ile ya dumu lisilo na jina. Mazda za dizeli za 2.2, Atenza au CX-5, zina niutoni-mita 420 na zitaipanda Kitonga bila kutoa jasho. Lakini kichujio chao cha masizi hujisafisha gari likikimbia muda mrefu, na foleni ndiyo inayokiziba. Mtu anayesafiri kila wiki kwenda Mbeya achukue. Wewe huko kwenye njia kuu unakwenda mara moja kwa mwezi.

Gari linalouelewa ugonjwa wako ni haibridi, na kwa mtu aliyeizoea Mark X ningekuelekeza kwenye Toyota Crown ya kizazi cha 14, iliyouzwa Japani kuanzia mwisho wa 2012 mpaka 2018, msimbo wake AWS210. Injini ni 2.5 ya silinda nne, na ikishirikiana na mota ya umeme inatoa farasi 220, yaani zaidi ya hao ulionao. Inasukuma magurudumu ya nyuma kama Mark X, kwa hiyo hata mikono yako haitahisi imehamia nyumba ngeni. Kwenye foleni injini inazima kabisa na gari linatambaa kwa umeme. Ukikanyaga breki, mwendo uliokuwa unapotea kama joto unarudi kwenye betri. Zile lita 154 za mjini ndizo zitakazopungua sana. Za Iringa zitapungua kidogo, na usimsikilize muuzaji anayekuambia vinginevyo.

Na usikisome kile kibandiko cha Japani kama msahafu. Kinasema kilomita 23.2 kwa lita, kwa kipimo cha JC08 kinachofanyika juu ya rola ndani ya maabara, mwendo wa wastani ukiwa kilomita 24.4 kwa saa na wa juu kabisa 81.6. Hakuna gunia la viazi kwenye kipimo hicho. Mimi huondoa theluthi, halafu nikifikiria joto la Dar es Salaam naondoa tena kidogo. Tukae kwenye 14. Lita zako zitakuwa 143 kwa mwezi badala ya 250, na utabaki na kama shilingi 320,000. Kama kulipata unaongeza milioni 10 juu ya bei ya gari lako, zitarudi baada ya miezi 31 hivi. Kama unaongeza milioni 20, mpwa wangu, baki na Mark X yako na uirudishie thamostati.

Hilo la kuongeza ndilo la kulitazama kwa macho mawili. Ukiagiza mwenyewe, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 injini ikivuka cc 2,000, na asilimia 5 ikiwa kati ya 1,000 na 2,000. Gari likizidi miaka minane unaongezwa uchakavu wa asilimia 15, likizidi kumi asilimia 30. Ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia mtu wa Japani hata senti. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na mzigo ukahamishiwa kwenye lita ya mafuta, kwa hiyo tangu hapo anayechoma zaidi ndiye anayelipa zaidi. Umekuwa mlipakodi hodari bila kujua.

Ubaya wa Crown ni huu. Betri kubwa imekula sehemu ya buti, kwa hiyo lumbesa mbili za viazi sahau. Chukua moja, nyingine ipande lori. Betri hiyo inapozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, karibu na kiti cha nyuma, na tundu lake watu huliziba kwa mablanketi na mifuko. Likizibwa, betri inachemka na kufa kabla ya siku zake. Kabla ya kununua, fundi mwenye mashine ya kupimia asome hali ya kila pakiti ya betri, moja moja. Muuzaji akisema haina haja, mshukuru uondoke.

Bei ya Crown ikikushinda, tafuta Allion au Premio ya 1.8. Farasi wake ni 140 na kitu, lakini ni jepesi kuliko Mark X kwa zaidi ya kilo 200, na kwa njia zako 11 au 12 kwa lita si ndoto. Kulipita lori utalipita, ila utahitaji nafasi ndefu zaidi mbele yako, na kwenye kona za Kitonga hilo si baya hata kidogo.

Na IST ya mama watoto? Usimcheke. Yenye injini ya 1.5 ina farasi 109 kwenye gari la tani moja hivi; likiwa tupu, ni jepesi mguuni kuliko watu wanavyodhani. Shida inaanza ukishapakia. Watu wanne na magunia yako mawili ni kama nusu ya uzito wa gari lenyewe, na hapo utakuwa umekanyaga mpaka chini kutoka Mbuyuni hadi Ilula, na ule ubanaji wa mafuta hutauona. Msiposafiri na mizigo, hoja yake inashinda yako. Kwa kwenda Posta tu, inashinda hata sasa. Halafu mabasi ya mwendokasi yanapita Kimara. Ukiliacha gari siku mbili kwa wiki, ukavumilia kukanyagwa miguu, utaokoa lita kama 60 kwa mwezi. Nauli itakula sehemu yake, lakini hakuna gari la kuagiza.

Lolote utakalochagua, usilijaribu kwa kuzunguka yadi. Pakia watu wanne, washa kiyoyozi, pandeni Pugu mpaka Kisarawe, usikilize giaboksi. Kisha ukishalinunua, jaza tenki mpaka pampu ikate, rudisha kisoma safari kwenye sifuri, endesha wiki, jaza tena kituo kilekile, na ugawe kilomita kwa lita. Risiti mpe mke wako aziandike.

Kuhusu binamu, mwambie namba yenyewe: kilomita 8 kwa lita, Mbezi kwenda Posta na Iringa mara moja kwa mwezi. Mwambie pia kama thamostati ilikuwepo au haikuwepo. Yeye hana foleni ya Ubungo. Akiwa anatoka Dodoma kwenda Singida na kurudi, gari hilohilo litamwendea kilomita 10, na bei mtakayopatana atakuwa amepatana nawe akijua analonunua.