MAJI NI YA PAMPU, MBONA MTOTO ANAHARA?

Mwezi huu tuzungumzie dumu la maji.

Mama mmoja alituletea mtoto wa miaka miwili, macho yamezama, siku ya tatu anahara damu. Nilipomwuliza maji wanachota wapi, alijibu kama aliyeonewa: "Nesi, sisi hatunywi tena maji ya bondeni. Tuna pampu." Alisema kweli. Kesho yake baba alipoleta chakula, nikamwomba aje na dumu lao. Tulimimina maji kwenye beseni jeupe. Yalitoka na utelezi wa kijani, na kizibo kilikuwa ndizi mbichi iliyoanza kuoza.

Sisemi ni dumu peke yake. Kuhara damu hupita pia mikononi na kwa inzi. Lakini sisi wa Ngara na Biharamulo tumezoea kuhesabu maji safi kwa visima na mabomba tu. Ni haki yetu kuvidai, maana bado wako akina mama wanaopanda mlima na lita 20 kichwani. Ila safari ya maji haiishii pampuni. Huko nyumbani mtoto aliyetoka chooni hutumbukiza kikombe ndooni, na vidole vyake pia huingia.

Wa rika langu mnakumbuka mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, wakatua Benaco. Kazi ya kwanza ilikuwa maji: kuyavuta kwa pampu na kuyatia dawa. Julai mwaka huo huo, huko Goma, Zaire ya wakati ule, wakimbizi walipata maji safi kwa kuchelewa. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Lakini maji safi ya kambini nayo huchafuka nyumbani. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, baadhi ya familia zilipewa ndoo zenye mfuniko na mdomo wa kumiminia, mkono usiweze kuingia. Kisima kilikuwa kile kile. Watoto wao wa chini ya miaka mitano walihara pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko wenzao wenye ndoo za wazi.

Basi, wazazi, dumu letu lenye mdomo mwembamba ni chombo kizuri kuliko ndoo, mradi lisafishwe. Tia mchanga au vijiwe, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, suuza mara kadhaa. Fanya hivyo kila wiki. Tafuta kifuniko chake. Ndizi, kiazi na gunzi tuviache. Dumu lililobeba mafuta ya taa au dawa ya kahawa lisitiwe maji ya kunywa kamwe, hata ukiliosha vipi. Maji yamiminwe, yasichotwe kwa kikombe.

Kama maji ni ya mto au bwawa, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe hadi yatokote sawasawa. Najua kuni ni shida. Dawa ya klorini ya dukani inafaa pia: fuata maelezo ya pakiti, subiri dakika 30. Asiye na hela ajaze maji maangavu kwenye chupa nyeupe za plastiki, azilaze juani saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili.

Mtoto akihara, mpe ORS, pakiti ya lita moja kwa lita moja ya maji safi, na zinki kama mtakavyoelekezwa. Msimnyime ziwa wala chakula. Ukiona damu, usingoje kesho.

Yule mtoto alikaa wodini siku sita. Siku ya kuondoka tulilisugua dumu nje pamoja na baba yake, naye akapitia sokoni kununua kifuniko.