Ukiumia kazini, habari zisiishie kwa nyapara

Kila alfajiri watu wengi huondoka Kawangware 46, wengine kwa miguu na wengine kwa matatu, kwenda kutafuta vibarua kwenye majengo ya Lavington na Kilimani. Mwenye kampuni hawamwoni. Wanayemjua ni nyapara, yaani msimamizi, ambaye huita majina na kugawa kazi. Afya yao pia imo mikononi mwake.

Tuseme umekanyaga msumari. Nyapara anakwambia, "Pumzika kidogo, nitamweleza mkubwa." Siku zinapita, mguu unavimba, na mkubwa hajui lolote. Si lazima nyapara awe mtu mbaya. Yeye yuko katikati: wa juu wanataka jengo liishe upesi, wa chini wanataka usalama. Akipeleka habari za ajali, ndiye wa kwanza kuulizwa maswali. Basi habari hukwama kwake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka umwarifu msimamizi wako wa karibu unapoona hatari kubwa, kwa mfano mbao za kupandia zilizolegea. Hufai kulazimishwa kurudi hapo kabla hatari haijaondolewa. Nayo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, pia ya 2007, inamtaka mwajiri apige ripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku 7 tangu apate habari. Fidia hudaiwa kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali. Hata aliyeajiriwa kwa mapatano ya mdomo anahesabiwa.

Ukiumia, fanya hivi:

1. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda kliniki siku iyo hiyo. Jeraha la msumari linaweza kuleta pepopunda, kwa hivyo uliza kuhusu sindano ya kinga.

2. Mwarifu nyapara mbele ya shahidi. Kisha andika tarehe, saa, mahali na jinsi ulivyoumia, upeleke pia kwenye ofisi ya mwajiri. Baki na nakala.

3. Tunza karatasi za daktari na risiti. Gharama za matibabu zinazofaa ni juu ya mwajiri.

4. Ukiona kimya baada ya siku 7, nenda mwenyewe kwa idara hiyo, Safety House, Eneo la Viwandani. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi, si kortini.

Nawe nyapara unayesoma ukurasa huu, usikalie habari za ajali. Zipeleke juu siku iyo hiyo, kwa maandishi, ubaki na nakala yako. Msumari uliotajwa Jumatatu unaweza kung'olewa kabla haujamchoma mwingine Jumanne.