Ardhi ni Yako, Mnyama ni wa Taifa

Ndugu wananchi, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, magharibi mwa Uganda, swala pala na punda milia hulala hifadhini na kupambazukiwa katika malisho ya watu. Ndipo hutokea swali: "Shamba ni langu na hati ninayo, kwa nini nikamatwe kwa kumwua mnyama aliyeingia humo?"

Tujifunze pamoja.

Kwanza, hati humpa mtu ardhi, haimpi wanyamapori. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inawaweka wanyama hao mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi wote, hata wakiwa shambani mwako. Ndiyo maana hata katika ranchi za binafsi za Mburo, ambako uwindaji wa vibali ulianza mwaka 2001, mwenye ranchi hawindi kwa hati yake. Lazima pawepo idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori.

Pili, kibali nacho hakifungui lango la jirani. Mwindaji mwenye kibali sharti apate pia ruhusa ya mwenye ardhi kabla ya kukanyaga humo.

Tatu, mnyama hajui mpaka, lakini mwindaji anapaswa kuujua. Chukueni mfano wa kijana mwenye kibali aliyemjeruhi swala ranchini, kisha akafuata damu hadi ndani ya hifadhi. Alipovuka, uhalali wake ulibaki nyuma. Mbele ya askari wa doria ni mtu mwenye silaha hifadhini, na maisha yake yamo hatarini. Asimame mpakani, aweke alama, awaite askari wa wanyamapori.

Nne, kibali cha Uganda hukoma mpakani. Ng'ambo ya Mutukula ni Tanzania, yenye vibali vyake. Kenya nayo ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977.

Tano, mnyama akijeruhi mtu au kuharibu mazao, msilipize kisasi. Sheria hiyo ya 2019 imeweka utaratibu wa fidia. Toeni taarifa mapema kwa askari wa wanyamapori au kituo cha polisi, nyayo na uharibifu vikiwa bado vinaonekana.

Ndugu zetu, kuuliza si ujinga. Usipojua mpaka ulipo, mwulize mwenyekiti wa kijiji au uje kituoni kabla ya kutoka na mkuki. Ni heri tuwaelekeze njia kuliko tuwaandikie maelezo mkiwa mahabusu.